Kasongo na Kabambare: Mashini ya kusaga isiyobebeka si mali ya mkimbizi

Jioni, katika mitaa ya Kasongo na katika vijiji vya kandokando ya barabara ya Kabambare, sauti ya mchi ndani ya kinu haijakoma. Mama anayerudi shambani na muhogo mkavu, ao aliyeupata kwa kulima shamba la mwingine siku nzima, anajua mambo mawili. Kutwanga kunamaliza saa na nguvu. Na mashini ya kusaga iko mbali, ao iko karibu lakini imekufa. Ndiyo sababu vikundi vya akina mama, familia zilizopokea wakimbizi, na wakimbizi wenyewe wanaweka likelemba ili wapate mashini yao.

Wazo hilo ni zuri. Lakini pesa ya namna hiyo inakusanywa mara moja. Mashini ikichaguliwa vibaya, hakuna likelemba ya pili.

Mara nyingi wanunuzi wanauliza kwanza bei, kisha ukubwa. Kwa watu wa Maniema ya kusini kuna swali linalopaswa kutangulia yote mawili: siku watu watakapolazimika kuhama tena, ao siku watakaporudi kwao, mashini hii itabebwa na nini? Mashini isiyo na jibu kwa swali hilo inafaa mwenye duka wa mjini kati. Haifai familia ambayo imekwisha kukimbia mara mbili.

Kila mkaaji wa teritware hizi mbili anajua kwa nini swali hilo si la mchezo. Kandokando ya Salamabila na mgodi wa dhahabu wa Namoya, familia zimeondoka, zikarudi, zikaondoka tena. Wengine wamefika Kabambare wakitokea upande wa Fizi. Anayekimbia anabeba watoto, sufuria, godoro na mbuzi kama anaye. Mashini inayohitaji watu wanane kuinuliwa inabaki. Na iliyobaki, mwenyewe akirudi, mara nyingi anakuta msingi wa simenti tu na vyuma vinne vya kufungia.

Basi, ni mashini gani? Jibu la makala hii ni mashini ya kadiri: motere ya mazutu yenye nguvu ya farasi 8 hadi 12, ile mafundi wanayoita shevo 8 na shevo 12, pamoja na kinu cha chuma kinacholingana nayo. Si ile ndogo kabisa, na si ile kubwa ambayo kila mtu anaisifu sokoni.

Hesabu iko hivi. Mtu mmoja akila karibu gramu 400 za unga kwa siku, nyumba ya watu sita inahitaji kilo 2 na gramu 400. Nyumba 50 zinahitaji kilo 120 kwa siku. Motere ya shevo 8, yenye kinu kizuri na muhogo uliokauka vizuri, inaweza kusaga karibu kilo 100 kwa saa moja. Kwa hiyo nyumba 50 zinapata unga wao kwa muda wa saa moja na kidogo. Nyumba 100 zinapata kwa saa mbili na nusu hivi. Motere ya shevo 12 inapunguza muda huo na kuacha nafasi kwa watu wa kijiji jirani.

Sasa mashini kubwa ya shevo 22. Ikifanya kazi kwa nguvu yake yote, inakunywa karibu lita 5 za mazutu kwa saa. Ya shevo 12 inakunywa karibu lita 2 na nusu, na ya shevo 8 chini kidogo ya lita 2. Ile kubwa inasaga mengi zaidi, ni kweli. Lakini inahitaji magunia yaliyopangwa mlangoni tangu asubuhi. Kijijini watu wanakuja mmoja mmoja, kila mmoja na beseni lake. Motere kubwa ikizunguka ikingoja beseni, inachoma mazutu bure, na mazutu hayo yamefika kwa njia mbovu na kwa bei ambayo kila kituo kimeongeza. Mashini kubwa haifi kwa sababu ni mbaya. Inakufa kwa sababu mwenyewe anashindwa kuilisha.

Kuhusu uzito, mwuzaji hawezi kuficha ukweli, kwa kuwa aina ya motere imeandikwa kwenye kibati chake. Motere za China zenye alama R180, za shevo 8, zina uzito wa kilo 75 hivi. Pikipiki moja inaibeba, na mzigo mwingine mdogo juu yake. Zile zenye alama S195, za shevo 12, zina uzito wa karibu kilo 150. Huo ni mzigo wa pikipiki moja yenye dereva hodari, ao wa pikipiki mbili kama fundi ataondoa gurudumu zito, tangi la mazutu na vingine vinavyofunguka. Kinu chenyewe, bila motere, kinaweza kuwa na kilo 40 hadi 100 kulingana na ukubwa. Kwa hiyo mashini nzima ya kadiri ni mzigo wa pikipiki mbili ao tatu. Ile kubwa ya shevo 22 inataka gari, na msimu wa mvua gari ndilo la kwanza kukosekana.

Wazee watasema: na zile motere za zamani za aina ya Lister, zinazozunguka polepole kwa sauti ya kupigapiga? Wana haki. Motere ile inazunguka mara 650 tu kwa dakika, haichoki haraka, na fundi yeyote wa kijiji anaielewa. Kuna zilizofanya kazi miaka na miaka. Lakini ina zaidi ya kilo 300. Mtu aliye na nyumba yake mjini Kasongo, karibu na soko, ambaye hana mpango wa kuondoka, akipata moja iliyo nzima anaweza kuichukua bila hofu. Mtu aliyepangishwa chumba kwa jamaa, anayesubiri habari njema kutoka kijiji chake, asiishike.

Kuna pia kishawishi cha upande wa pili: motere nyepesi sana zinazopozwa na hewa, za kilo 50 hivi, zinazozunguka mara 3000 kwa dakika ao zaidi. Kwa macho ya mkimbizi zinapendeza, kwa kuwa mtu mmoja na mwenzake wanaziinua. Tatizo ni kwamba zinapata moto haraka, zinataka mafuta ya motere safi yanayobadilishwa kwa wakati, na zikisaga saa nyingi kila siku zinaisha upesi. Ile ya shevo 8 inayopozwa na maji, yenye sanduku la maji juu yake, inakubali zaidi kazi ya kila siku. Inachodai ni maji safi na mtu wa kuangalia yasikauke. Uzito wa kilo 20 ao 25 zaidi ni bei ya haki kwa maisha marefu zaidi.

Baada ya motere, kinu. Hapa watu wengi wanadanganyika, kwa kuwa vinu vyote vinafanana kwa nje.

Kuna kinu cha nyundo. Ndani yake vipande vya chuma vinazunguka kwa kasi na kupiga chakula mpaka kipite katika tundu za chekeche. Kinatoa unga laini wa bugali, hasa kwa muhogo na mahindi makavu. Nyundo zake zikiisha upande mmoja zinageuzwa, na zikiisha kabisa mhunzi anaweza kukata nyingine kutoka chuma kigumu, mradi zote ziwe na uzito sawa. Zikitofautiana, kinu kitatetemeka na kuvunja rulema, yaani zile pete za gololi zinazoshika mti wake. Ubaya wake ni kwamba hakipendi kitu kibichi: muhogo ambao haujakauka unaziba chekeche.

Kuna pia kinu cha sahani mbili za chuma zinazosuguana. Hiki kinakubali vitu vyenye maji: karanga, mahindi yaliyolowekwa, hata sombe. Lakini sahani zinaisha, na chuma kinachoisha kinakwenda ndani ya unga. Zikikazwa sana, unga unapata moto na harufu. Kinafaa mama wa soko anayesagia watu sombe na karanga. Kwa bugali ya kila siku ya nyumba 50, kinu cha nyundo ndicho bora.

Na mchele? Maniema ni nchi ya mchele tangu misafara ya Waungwana ilipofika Kasongo katika karne ya 19, na hakuna mwanamke wa hapa atakayenunua mashini bila kuuliza habari ya mpunga. Kinu cha nyundo hakikoboi mpunga, kinauvunja tu. Inahitajika mashini ya kukobolea peke yake. Faida ya motere ya kadiri ni kwamba inaweza kuendesha vyote viwili kwa zamu: msimu wa mpunga, mkanda unavutwa kwenye mashini ya kukobolea, miezi mingine, kwenye kinu cha muhogo. Kikundi kinaweza kuanza na motere na kinu, na kununua ya kukobolea mwaka unaofuata kwa faida iliyopatikana. Hilo ni afadhali kuliko kukopa pesa ili vyote vije siku moja.

Jambo moja la ufundi linapaswa kujulikana na wote, siyo na fundi tu: ukubwa wa puli. Kasi ya motere ikizidishwa kwa upana wa puli yake inapaswa kulingana na kasi ya kinu ikizidishwa kwa upana wa puli ya kinu. Motere inayozunguka mara 2000 kwa dakika, yenye puli ya milimita 180, itazungusha kinu chenye puli ya milimita 100 mara 3600. Mtu akibadilisha puli bila hesabu, kinu kitakwenda polepole na kutoa unga wa chengachenga, ao kitakwenda kwa kasi kuliko nguvu yake na nyundo zitaruka. Kasi inayofaa imeandikwa kwenye kibati cha kinu. Kibati kikikosekana, mwuzaji aseme kasi hiyo mbele ya mashahidi na iandikwe kwenye risiti.

Wengine wanauliza kama si heri kuachana na mazutu na kuchukua mashini ya nguvu ya jua. Siku zijazo huenda jibu likawa ndiyo. Jua halipandi bei na halipiti kwenye bariere. Lakini mashini ndogo za jua zinasaga polepole, zinasimama mawingu yakifunga, na vioo vyake vinavunjika njiani na kuibwa kwa urahisi. Kwa kituo cha afya ao shule yenye mlinzi, ni wazo la kufikiriwa. Kwa kikundi cha wakimbizi chenye pesa ya mashini moja tu, mazutu bado ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Ukavu wa muhogo nao unahusu zaidi ya chekeche. Muhogo mchungu unapaswa kulowekwa siku tatu hivi, kisha ukaushwe vizuri, ili sumu yake itoke. Mashini haiondoi sumu hiyo. Inaharakisha tu kazi ya mwisho. Huko Kahemba, katika jimbo la Kwango, watoto na akina mama wengi wamepooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, unaotokana na muhogo mchungu usiotayarishwa vizuri, hasa wakati wa njaa na haraka. Wakimbizi ni watu wenye njaa na haraka. Mwenye mashini anayekataa beseni la muhogo ambao haujakauka asionekane mbaya. Anawalinda watoto wa wenzake pamoja na kinu chake.

Na ulinzi wa mashini yenyewe? Mkanda unaozunguka wazi unakamata kitenge cha mama ao mkono wa mtoto kabla mtu hajapiga kelele. Kifuniko cha mbao ao cha bati kigumu hakigharimu kitu kikubwa, na kiwe cha kwanza kutengenezwa. Motere isiwekwe ndani ya nyumba ambamo watu wanalala, hata wakati wa mvua, kwa kuwa moshi wake unaua kimyakimya. Kibanda kilicho wazi pande mbili kinatosha.

Inabaki habari ya vipande. Mashini ya bei rahisi ambayo segma, enjekteri ao rulema zake hazipatikani Kasongo wala Kindu ni ghali kuliko zote. Kabla ya kulipa, wanunuzi wazunguke kwa mafundi watatu wa mjini na kuwauliza motere gani wanatengeneza kila wiki. Aina inayotajwa na wote watatu ndiyo ya kununua, hata kama rangi yake haipendezi. Na siku hiyohiyo wanunue mikanda miwili, chekeche moja ya akiba, filta, rulema za kinu na nyundo kamili za kubadilisha. Kikundi ambacho pesa yake inaishia kwenye mashini tupu kimenunua nusu ya mashini.

Akiba hiyo iendelee. Kila beseni likisagwa, sehemu ndogo ya malipo iingie katika sanduku la vipande, peke yake, na iandikwe katika daftari. Funguo ziwe mbili, kwa watu wawili wa nyumba tofauti, na mmoja wao awe mwanamke aliyehama. Mashini za pamoja mara nyingi zinaharibiwa na ugomvi kabla ya kuharibiwa na kazi: wenyeji wanasema ardhi ni yao, wakimbizi wanasema pesa ni yao. Hilo liandikwe tangu mwanzo mbele ya mkuu wa kijiji: nani alichangia kiasi gani, na siku wakimbizi watakaporudi kwao, mashini itakwenda na nani na waliobaki watalipwa nini. Inaumiza kuzungumza juu ya kuagana wakati watu wanasaidiana. Inaumiza zaidi kupigana juu ya motere siku amani inaporudi.

Neno hili linawahusu pia wanaotoa misaada. Mashini iliyochaguliwa katika ofisi ya mbali, kubwa, yenye msingi wa simenti na kibao cha jina, inapendeza kwa picha. Akina mama watakaoitumia waulizwe kwanza: wanasaga nini, kiasi gani kwa siku, fundi wao ni nani, na wanadhani watakuwa wapi mwaka ujao. Kwa bei ya mashini moja kubwa, huenda vijiji viwili vingepata ya kadiri, kila kimoja na yake, na mama asitembee saa mbili na beseni kichwani katika njia ambayo si salama.

Kuna jaribio moja la mwisho ambalo halihitaji elimu ya ufundi. Siku ya kununua, kabla pesa haijatoka mkononi, kikundi kimwombe mwuzaji aiwashe mashini na kusaga beseni moja la muhogo walilokuja nalo wenyewe. Kisha fundi wao aifungue palepale, vipande vipangwe chini, na mizigo ihesabiwe: huu wa pikipiki ya kwanza, huu wa pili, huu wa tatu. Halafu aifunge tena mbele yao na kuiwasha upya. Watu wawili wa kikundi waangalie kila skrubu inakwenda wapi, ili waweze kurudia kazi hiyo bila yeye, hata usiku.

Mwuzaji akikataa, wahamie duka lingine. Akikubali, na mizigo ikawa mitatu, basi familia ile imepata mashini itakayosaga Kasongo leo, na itakayosaga Kabambare siku njia itakapofunguka.